Mgonjwa wa Kwanza Kwenye Foleni

Wapendwa, kuna kijiji kilipata zahanati. Jengo zuri, bati la bluu, mheshimiwa akakata utepe, watu wakala pilau. Karatasi za wilayani zilisema pale wafanye kazi watu watano. Akaletwa mmoja, nesi. Wale wanne mpaka leo wako kwenye karatasi.

Nesi yule akawa ndiye anayepima, ndiye anayechoma sindano, ndiye anayezalisha, na wote wakiondoka ndiye anayedeki. Mwaka wa pili akaanza kushikwa na kizunguzungu. Akaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wagonjwa wanaendeleaje?"

"Wanaendelea, mzee. Anayezidiwa ni mimi. Wiki hii nimezalisha kina mama sita, sijalala. Andikeni barua wilayani niletewe hata mwenzangu mmoja. Siku moja nitaanguka."

Mwenyekiti akacheka. "Wewe bado kijana bwana! Vumilia. Kazi yenu ni wito."

Wito! Mnisamehe, neno hilo likitumika hivyo damu inanichemka. Mwenyekiti naye si ana wito wa uenyekiti? Mbona analala mchana?

Barua haikuandikwa. Ila siku nesi alipofunga mlango nusu saa ale ugali wake, barua ya kumshtaki iliandikwa, ikagongwa muhuri, ikapelekwa wilayani kwa pikipiki siku hiyo hiyo. Mnaona tunavyojua kuandika tunapotaka?

Sasa sikilizeni. Jumatatu moja asubuhi watu wakafika zahanati. Mlango wazi, ndani kimya. Kwenye benchi la barazani kuna mtu amelala, amejifunika kitenge mpaka kichwani. Mnajua desturi yetu: ukifika unauliza, "Wa mwisho nani?" Aliyetangulia kufika akamwona huyo aliyelala, akakaa nyuma yake. Mwingine akauliza, akakaa. Wakafika ishirini. Hakuna aliyemgusa yule wa kitenge. Amewahi, zamu ni yake, aachwe apumzike.

Ikagonga saa mbili, ikagonga saa tatu. Mama mmoja mwenye mtoto anayechemka homa uvumilivu ukamwishia.

"Huyu nesi kalala nyumbani kwake, watoto wetu wanakufa!"

Bibi mmoja akaitikia, "Manesi wa siku hizi hawana huruma kabisa."

Wakampigia simu mwenyekiti. Akaja amefura, akaahidi barua nyingine mbele ya watu wote. "Safari hii anahama!"

Yule mama akaona afadhali aombe mwenyewe. Akamsogelea wa kitenge. "Dada, samahani, wewe ndiye wa kwanza. Nesi akija naomba nitangulie, mwanangu kazidiwa."

Kimya. Akamtikisa bega, kitenge kikaanguka.

Alikuwa nesi. Midomo imekauka, macho yamegeuka, glavu ya kuzalishia bado iko mkononi.

Yule mama akapiga ukelele: "Jamani, mwiteni nesi!"

Hakuna aliyesogea. Watu ishirini na mwenyekiti wao wakabaki kutazamana, na mtoto analia.

Mnataka niwaambie alipona, ili mkirudi nyumbani chakula kipite. Siwaambii. Wala sisemi yule mtoto aliiona jioni au hakuiona. Rudini nalo hivyo hivyo.

Na tusijifanye kijiji kile kiko mbali. Wakubwa wana dhambi yao, wanaotuma mmoja mahali pa watano kisha wanalala usingizi mnono, na wakija hapa nitawaambia machoni. Lakini sisi je? Nani kati yetu amewahi kumuuliza nesi wetu kama amekula? Nani alisimama kwenye mkutano wa kijiji akauliza wale wanne wako wapi? Tunagombana juu ya bomba, tunagombana juu ya daraja, kwa nesi tunajua kugombana naye tu. Jumatano kuna mkutano. Nataka niwaone pale, na sauti zenu hizi hizi za kwaya.

Maana kila Jumapili tunasimama humu tunaomba, "Bwana, watie nguvu wauguzi wetu." Tunasema amina, bati linatikisika. Ndugu zangu, nguvu Mungu alimpa. Sisi ndio tuliozimaliza.