Ulanzi Mpya Hauzibwi kwa Nta

"Ulanzi mpya hauzibwi kwa nta." Bibi Semduba alimwambia hivyo jirani aliyepotelewa na ng'ombe wawili, ambaye kila akipewa pole alitabasamu tu. Jirani alipoondoka, wajukuu waliokuwa wakipukuchua mahindi wakataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Bibi akawaambia watege masikio, lakini mikono isisimame. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika milima ya Uhehe, palikuwa na mkunga aliyeitwa Tulawona. Udadisi wake ulikuwa hauna dawa. Akitega sikio kwenye tumbo la mjamzito, hakuridhika kusikia kwamba mtoto yu hai. Alitaka kujua kwa nini moyo wa huyu unakimbia na wa yule unatembea. Mumewe Kihwele na shemeji yake Mpangile walikuwa wagemaji wa ulanzi, ile pombe tamu inayogemwa kwenye machipukizi ya mianzi. Mianzi yao waliachiwa na baba yao.

Kiangazi kimoja moto ukaila yote kwa siku moja. Mpangile alilia mbele za watu bila haya, akamlaani aliyeuwasha, kisha akazunguka nyumba kwa nyumba akisimulia yale yale hata wengine wakawa wanajificha wakimwona. Kihwele hakudondosha chozi. Ukimuuliza hali alijibu, "Salama tu," akainama tena kulima. Watu wakamsifu kwamba huyo ndiye mwanamume. Tulawona naye alimsifu, na sifa hizo alikuja kuzijutia.

Mvua zilipoanza, Kihwele alianguka shambani akiwa ameshika kifua. Alipofikishwa nyumbani, Tulawona akamwekea sikio kifuani. Moyo ulikimbia, ukajikwaa, ukasita, halafu ukakimbia tena. Aliogopa kwelikweli, maana aliwahi kusikia moyo wa namna hiyo kwa mzee mmoja, na mzee huyo hakumaliza mwezi.

Hata katika hofu hiyo udadisi haukumwachia. Akamwita Mpangile, akamlaza chali, akamsikiliza kifua. Mpangile akauliza kwa utani kama ana mimba ya miezi mingapi. Moyo wake ulikuwa unatembea taratibu, bila wasiwasi. Tulawona akastaajabu. Hawa wamezaliwa tumbo moja, wanakula chungu kimoja, na hasara iliyowapata ni moja. Imekuwaje mmoja aumie moyo na mwingine apone?

Akampa mumewe mizizi ya kuchemsha, akamnyang'anya jembe, na hakuna kilichobadilika. Lakini aliona jambo moja: kila moto ulipotajwa, Kihwele alitabasamu, na papo hapo mshipa wa shingo ukaanza kupiga mbio.

Kesho yake akatafuta ulanzi mpya kijiji cha pili, akautia kibuyuni, akakiziba kwa nta kikazibika kabisa, kisha akakiweka juani karibu na mkeka wa mumewe. Kihwele alipokiona alijiinua kwa shida, akaibandua nta kwa kucha. Povu likamrukia usoni.

"Nani amekufundisha kuziba ulanzi mpya kwa nta?" akafoka. "Huzibwa kwa nyasi, upate kupumua. Kibuyu kingepasuka hiki."

"Nimejifunza kwako, baba Lusungu," Tulawona akajibu.

Kihwele akakitazama kibuyu, povu likimchuruzika kidevuni.

"Moto ule niliuwasha mimi," akasema mwishowe. "Nilifukiza nyuki mle mianzini, nikaacha makaa nikidhani yamezimika. Mpangile amemlaani aliyeuwasha mbele ya kijiji kizima. Nitamwambiaje?"

"Utamwambiaje, sijui. Ninachojua ni kwamba usipomwambia, nitakuzika."

Siku hiyohiyo Mpangile akaitwa, akaambiwa na Kihwele mwenyewe. Alifoka hata majirani wakatoka nje, akaondoka bila kuaga, na kwa siku tatu hakukanyaga pale. Kihwele alilia siku hizo tatu, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu kiangazi. Kila asubuhi Tulawona alitega sikio kifuani pake. Moyo bado ulijikwaa, ila mbio zilikuwa zinapungua, naye akazidi kushangaa, maana hakuwa amempa dawa yoyote mpya.

Siku ya nne Mpangile akaja na miche ya mianzi begani, bado amenuna.

"Shika miche, kaka," akasema. "Mimi nitachimba. Wewe huna moyo wa kuchimba."

Moyo wa Kihwele haukurudi kuwa wa kijana. Zile siku za kunyamaza zilikuwa zimeshaudhuru, na jembe hakulishika tena. Lakini aliishi hata akaigema mianzi ile, yeye na mdogo wake. Watu walipomuuliza mkunga alimpa mumewe dawa gani, aliwajibu hivi: ulanzi mpya hauzibwi kwa nta.