Mkono wa Kushoto na Sababu Yake

Anayekupa mkono wa kushoto akupe na sababu yake. Leo asubuhi mmemsikia mwenyekiti wa kijiji akimwambia hivyo yule bwana wa maji, aliyemkabidhi mama mmoja funguo za pampu kisha akataka kuondoka zake. Nyinyi mkacheka, mkadhani mwenyekiti anamtukana mgeni. Hakumtukana. Methali hii ni ya hapahapa Kwemkole, kwenye milima yetu ya Usambara, na ilianza hivi.

Palikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Mwantumu Shekoloa. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia mtoto mmoja wa kike, Hidaya, na tangu siku ya mazishi mtoto huyo alikuwa amefunga mdomo. Si kwamba alikuwa bubu. Aliitika kwa kichwa, aliomba maji kwa kidole, na darasani walimu walishamzoea, wakawa hawamuulizi kitu. Kilichomfungua ni skauti. Mwalimu Kihiyo alipoanzisha kundi pale shuleni, Hidaya alijiunga, na baada ya Jumamosi chache akarudi nyumbani anaimba. Mwantumu aliacha nguo ya watu chini ya sindano, akakaa kumsikiliza, machozi yanamtoka. Kuanzia hapo, kwake yeye skauti ilikuwa dawa, na mgonjwa akishapona nani huuliza dawa ilichemshwa kwa mizizi gani?

Kundi lilikuwa bado changa, watoto wamefundishwa nyimbo na mafundo ya kamba tu, Mwalimu Kihiyo akapata uhamisho. Siku ya kuondoka alipita kwa Mwantumu, begi begani.

“Mama Hidaya,” alisema, “kundi likikosa mtu mzima wa kulisimamia litafungwa. Wewe unawapenda watoto. Lichukue.”

“Mwalimu, mimi najua kushona tu.”

“Utaweza,” akasema, akapanda pikipiki. Na hayo ndiyo mafunzo yote aliyoyapata Mwantumu kwa Mwalimu Kihiyo.

Haukupita muda akaitwa mjini kuapishwa pamoja na viongozi wengine wapya. Kamishna wa skauti huko alikuwa Bwana Mbelwa Kaniki, mtu mwema lakini mwenye haraka, wa kuanza kuaga kabla hajaketi. Akamfunga Mwantumu skafu shingoni, akampa filimbi, akamnyooshea mkono wa kushoto.

Mwantumu akashikwa na bumbuwazi. Nyinyi mnajua tulivyolelewa. Mkono wa kushoto una kazi zake, na kazi hizo hazitajwi mbele ya chakula. Ukimpa mkubwa kitu kwa kushoto, utarudishiwa kitu hicho na neno juu. Kwa hiyo alitoa wa kulia, kama alivyofunzwa na mama yake. Mikono ikapishana hewani. Watu wakacheka, si kwa ubaya, na kamishna akahamia kwa mwingine. Mwantumu akatazama huku na huku, akaona watu wazima wenye mvi wanapeana kushoto, wanatabasamu. Alitamani kuuliza, lakini aibu ya kuchekwa ilikuwa bado inamchoma masikioni. Akaondoka bila kuuliza.

Njia nzima ya kupanda mlima aliliwaza jambo lile, na kila alipolishika upande mmoja likamponyoka upande wa pili. Watu wale hawawezi kukosa adabu wote kwa pamoja. Kama si utovu wa adabu, basi ndiyo yenyewe adabu ya skauti. Na kama ndiyo adabu yao, mtu atakuwaje na adabu mjini na asiwe nayo kijijini? Alipofika Kwemkole alikuwa ameshakata shauri: mwenye skafu shingoni husalimia kwa kushoto, popote, na yeyote. Hakuna aliyemwambia hivyo. Hakuna aliyemwambia vinginevyo pia. Jumamosi iliyofuata akawafundisha watoto. Hata Hidaya alimkazia macho.

“Hata bibi?” akauliza mtoto mmoja.

“Hata bibi,” Mwantumu akajibu, na moyoni mwake hakuwa na uhakika hata kidogo.

Ikaja Idi. Watoto wa skauti walipewa kazi ya kupanga mikeka na viatu nje ya msikiti, na Mwantumu aliwashonea skafu mpya, zinang'aa. Swala ilipokwisha, wakajipanga mlangoni kuwasalimu wazee. Wa kwanza kutoka alikuwa Mzee Ngoda, mwadhini wetu wa zamani, aliyekuwa na wajukuu wanne katika kundi lile. Mjukuu wake mkubwa akasema shikamoo kwa sauti nzuri, akanyoosha mkono wa kushoto.

Mzee Ngoda alikuwa ameshatoa wake. Akauvuta haraka, akauficha ndani ya kanzu. Akasogea kwa mtoto wa pili, kushoto. Wa tatu, kushoto. Mstari mzima, kushoto tupu, watoto wanatabasamu kama walivyofundishwa. Mzee alisimama pale, asijue kama anachezewa shere au dunia imegeuka tangu aingie kuswali. Nyuma yake wazee wengine walikuwa wanasukumana mlangoni, wanauliza kuna nini.

Kabla ya alasiri skafu zilianza kurudi. Mzazi mmoja alileta kwa mkono, mwingine akatuma mtu, mwingine akairusha tu barazani kwa Mwantumu akapita. Walisema anawafundisha watoto kuwadharau wazee wao. Wengine walisema ni mambo ya kishirikina. Mwantumu mwenyewe hakuelewa maana ya mkono ule. Alizikusanya skafu akaziweka juu ya meza ya cherehani. Hidaya alizitazama zikiongezeka. Mwisho akavua ya kwake, akaikunja, akaiweka juu ya zile nyingine. Usiku ule wakati wa chakula aliomba maji kwa kidole.

Hapo ndipo Mwantumu alipoogopa kwelikweli. Aibu angeivumilia, alishazoea kusemwa. Lakini kile kidole hakukivumilia. Kulipokucha akampigia simu Bwana Mbelwa, akamwambia aje, na safari hii hakumpa nafasi ya kuaga.

Bwana Mbelwa akaja, na wazazi wakakutana naye darasani, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa vifua. Mzee Ngoda alisimama kwanza.

“Mama Hidaya, mimi sitaki mengi,” alisema. “Nataka kujua. Kwa nini kushoto?”

“Sijui, baba.”

Wazazi wakatazamana. Walikuja wamejiandaa kwa ubishi, hili hawakulitegemea.

“Hujui?”

“Sijui. Nilipewa mkono wa kushoto mjini, nikaona wakubwa zangu wote wanafanya. Nikadhani ndiyo inavyotakiwa. Sikuuliza kwa sababu nilikwishachekwa. Mimi nilitaka kundi lisife, baba. Mwanangu aliongea kwa sababu ya kundi hili.”

Mzee Ngoda alikuwa na maneno mengi kifuani aliyoyaandaa tangu Idi. Akamwacha mwanamke yule, akamgeukia kamishna, na wote waliokuwepo wakaona hasira inahama.

“Bwana mkubwa, wewe ndiye uliyemfunga skafu?”

“Ndiyo mzee.”

“Ulimwambia?”

“Kwa kweli, mzee, tulidhani anajua. Jambo hili kila mtu analijua.”

“Kila mtu ni nani? Mimi simo? Huyu hayumo?”

Bwana Mbelwa akapangusa uso. Akaeleza, na kwa mara ya kwanza alieleza bila haraka. Akasema wao husimuliana kwamba shujaa wa kale alishika mkuki kwa kulia na ngao kwa kushoto. Ili akupe mkono wa kushoto, sharti aiweke ngao chini. Maana yake ni kwamba nakuamini, kwako sijikingi. Ndiyo maana skauti humpa skauti mwenzake mkono ule, mwenzake tu, na kwa wazee salamu inabaki ileile ya nyumbani.

Mwantumu hakujua acheke au alie. Neno lenyewe lilikuwa fupi hivyo. Lingeweza kusemwa huku mtu anafungwa skafu, na lisingemchelewesha yeyote.

“Neno zuri,” Mzee Ngoda akasema taratibu. “Zuri sana. Nawe ukakaa nalo. Ukamtuma huyu kwetu mikono mitupu, nasi tukamsulubu kwa kosa lako. Sikiliza, mwanangu. Anayekupa mkono wa kushoto akupe na sababu yake.”

Kamishna akasema mafunzo ya viongozi yapo, lakini hufanyika mjini, na ni juu ya kiongozi mwenyewe kujileta.

“Basi yaleteni huku juu,” mzee akasema. “Na sisi wazazi tutakaa tusikie. Mtoto ni wetu, haiwezekani akarudi nyumbani na jambo tusilolijua.”

Yakaletwa. Mkufunzi alipanda mlima msimu mzima wa masika, kila Jumamosi, matope hadi magotini, na akaacha namba yake ya simu kwa Mwantumu ili akikwama amuulize. Wazazi walijifunza na watoto. Msidhani walielewa upesi. Mzee Ngoda alilifunga fundo moja mara nyingi likawa linafunguka, akamlaumu aliyetengeneza kamba. Lakini skafu zilikwisha mezani kwa Mwantumu, na baba mmoja, Bwana Shauri, akajitolea kumsaidia.

Siku ya kumwapisha Bwana Shauri, kamishna alimfunga skafu mbele ya wazazi darasani, akanyoosha mkono wa kushoto. Mzee Ngoda akakohoa. Bwana Mbelwa akaurudisha mkono wake, akavuta kiti, akaketi, akaanza kueleza tangu mwanzo. Huko nje Hidaya alikuwa anawapigia wenzake kelele wajipange, kwa sauti kubwa hata maneno ya kamishna yakawa hayasikiki vizuri, na watu wakainuka kufunga madirisha. Mwantumu aliketi kando ya dirisha moja. Hilo hakulifunga, na hakuna aliyemwambia alifunge.

Basi mkimwona mtu anakabidhiwa kazi na aliyempa anatafuta mlango, msicheke. Mwambieni yule anayeondoka arudi aketi. Anayekupa mkono wa kushoto akupe na sababu yake.