Kiatu cha Mkono

Hapo zamani, wafalme walipokuwa wakicheza na raia zao, palikuwa na Sultani jina lake Ngwali, aliyependa mno mchezo wa kupiga mpira kwa kiganja. Alifundishwa na mgeni wake, Mholanzi mmoja, aliyemzawadia pia kivazi cha ngozi ngumu cha kuvaa mkononi. Basi Sultani akawa anapiga kwa mkono uliovikwa ngozi, na wenzake kwa mikono mitupu. Ikawa yeye hashindwi, nao hurudi makwao viganja vimevimba, hata tonge hawawezi kulishika.

Mmoja wao alikuwa Fumu mfinyanzi, aliyeshindwa hata kukanda udongo wake. Nduguye Shaame, fukara mwenye ulimi mwepesi, akaenda kumwombea apumzishwe.

Sultani akasema, "Nitampumzisha, wewe ukinishinda kesho kwa mkono mtupu. Ukishindwa, utachunga punda wangu mpaka uote mvi."

Shaame akainama, akatoka, akamwendea Mholanzi. "Ewe bwana, kile kivazi cha mkononi kwenu mwakiitaje?"

"Handschoen," akajibu. "Ni maneno mawili yaliyoungana. Hand ni mkono, schoen ni kiatu. Wazee wetu waliona chauvika mkono kama kiatu kiuvikavyo mguu, wakakiita kiatu cha mkono."

Kesho yake watu wakajaa ukumbini, na Sultani akaingia, ngozi i mkononi. Shaame akapiga magoti.

"Bwana wangu, ni amri ya nani kwamba mtu asiingie humu na kiatu?"

"Ni amri yangu, wala haimbagui mtu."

"Basi Mholanzi na atuambie Bwana amevaa nini."

Mholanzi akajikuna shingo. "Kwa lugha yetu, Bwana, hicho ni kiatu."

Watu wakaziba vinywa. Sultani akautazama mkono wake, akamtazama Shaame, akakivua. Kikawekwa mlangoni kati ya makubadhi.

Wakacheza. Mpira wa kwanza ulimgutusha Sultani, wa pili ukamtoa machozi, na uliofuata aliukwepa, ukapita.

"Nimeshindwa!" akasema, akipuliza kiganja. "Kumbe huuma hivi! Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuwa tukilia, Bwana," akasema Shaame, "ukadhani twakushangilia."

Sultani akacheka hata akaketi chini. Akaamuru Fumu apumzike mpaka apone, na kila mchezaji ashonewe ngozi yake. Kisha akamgeukia Mholanzi: "Na kilemba, kwenu mwakiitaje?"

"Usimjibu, bwana!" akadakia Shaame. "Tusije tukamvua na hicho."