Nani Akabidhiwe Bani

Hapo zamani, lakini si zamani za mababu, palikuwa na kijiji cha wakulima wa tumbaku, mwendo wa siku nzima kutoka zahanati. Vijana wake walioelemewa moyoni hawakuwa na daktari. Walikuwa na bani, nyumba ya kukaushia tumbaku. Kila Jumamosi mchana walikaa humo wakifunga majani kwenye fito, macho yakiwa mikononi, na mwenye lake alilisema. Sharti lilikuwa moja: lililosemwa bani halitoki bani.

Jumamosi moja Nyamizi, binti wa miaka kumi na tisa, alisema bila kuinua uso, "Nimechoka kuishi. Jumatatu mkienda shambani, nakunywa dawa ya wadudu."

Mikono ikasimama.

"We Nyamizi, unatutania," akasema Kashindye, jirani yake.

"Nimewahi kukutania lini?"

Kashindye akashika sharti. Hakumwambia mtu. Akamfuata Nyamizi kisimani, akamfuata kwenye kuni, akamfuata jikoni.

"Umekuwa mkia wangu?"

"Mkia haufukuzwi, dada."

Siku mbili hakufumba jicho.

Shija, naye wa bani, akadanganya. Alipita nyumba kwa nyumba: "Chama cha ushirika kinasema dawa ya wadudu ya mwaka huu ni mbovu. Leteni yote." Wakaleta. Akaifungia.

Milembe, aliyekuwapo bani pia, akavunja sharti. Alitembea hadi zahanati kumwita muuguzi.

Jumatatu usingizi ukamshinda Kashindye, akalala mlangoni. Nyamizi akamruka. Akaenda stoo: dawa hakuna. Akaenda kwa jirani: hakuna. Nyumba ya tatu: hakuna. Akashika njia ya msituni, na njiani akakutana na Milembe na muuguzi. Muuguzi hakumkaripia. Aliketi naye chini palepale, akamsikiliza hadi jua likapinda, kisha akampeleka hospitali.

Kijiji kizima kikajua. Vijana saba wakalihama bani. Nao wadudu wakala tumbaku ya watu.

Baada ya miezi mitatu Nyamizi alirudi. Alikula. Alilala. Muuguzi akawakusanya bani, akasema, "Nitamfundisha mtu mmoja awe msimamizi hapa. Nyamizi, mtaje wewe."

Kashindye akasema, "Nilitunza siri yako. Bila mimi usingeifikia Jumatatu."

"Na Jumatatu yenyewe ulikoroma," akajibu Nyamizi. Watu wakacheka, kisha wakaacha.

Shija akasema, "Huyu alipokoroma, ni uongo wangu uliokuponya."

"Uongo wako umetumalizia shamba!" mmoja akapaza sauti. "Kesho ukituambia kweli, nani atakuamini?"

Milembe akasema, "Hawa waliahirisha kifo. Mimi nilileta msaada."

"Na wale saba?" Shija akamuuliza. "Leo mambo yao wanamwambia nani?"



Mlangoni alikuwa amesimama Holo, binti aliyekuwa mmoja wa wale saba waliohama. Mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Ingia, mdogo wangu," muuguzi akamwita.

"Mtajeni kwanza," akasema Holo. "Nina neno, na sitalisema mara mbili. Nikijua ni nani, nitajua kama naingia au narudi."

Nyamizi akawatazama wale watatu. Akamtazama Holo, ambaye mguu wake wa ndani ulikuwa umeanza kurudi nyuma.

Enyi mnaonisikiliza, jina linatakiwa sasa hivi. Aliyeshika sharti, aliyedanganya, au aliyevunja: je, nani akabidhiwe bani?