Siwatu na Chungu cha Mkumba

"Shingo iliyo juu haijala." Tulimsikia Bi Somoe akimkemea mtu kwa maneno hayo, nasi tukamuuliza yametoka wapi. Akaacha kupepeta. Uso wake haukuwa wa mchezo alipotueleza chanzo chake.

Zamani, mpunga wa bondeni ulivunwa kwa ujima. Wanawake waliinama kukata masuke, na mmoja alipanda dungu, ule ulingo mrefu wa miti, kuangalia viboko na mamba watokao mtoni. Mwaka huo alipanda Siwatu, na mtoto wa miezi miwili mgongoni. Tangu kunakucha hadi jua la utosi hakukaa kitako. Alipoona kiboko alipiga ukelele, wenzake wakakimbia.

Mgawaji wa chakula alikuwa Mkumba, shemeji yake, mtu asiyekata hata suke moja. Sheria aliitunga mwenyewe: asiyeinama hali. Siku mbili Siwatu alilamba ukoko wa chungu. Siku ya tatu alishuka na bakuli lake, Mkumba akafunika chungu.

"Shemeji, maziwa yanakauka. Mtoto ananyonya ngozi."

"Wewe umeshinda juu kama bi harusi, unatutazama. Wenye njaa ni hawa waliovunjika migongo."

Na watu wakacheka! Watu waliookolewa na ukelele wake asubuhi ileile!

Siwatu hakulia. Alinyoosha kidole kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Mabata mwitu walikuwa wametua, wengine wakiokota punje, wengine wamesimama mguu mmoja, midomo wameificha manyoyani. Mmoja tu alikuwa ameinua shingo.

"Yule ni nani?"

"Mkubwa wao," alijibu Mkumba. "Ameshiba, anawasimamia wajinga."

"Mimi nimewatazama siku tatu. Tazama na wewe."

Wakatazama. Bata yule hakushusha kichwa hata kwa punje zilizokuwa miguuni pake. Baada ya kitambo kirefu mwenzake akasogea, akanyanyua shingo. Hapo ndipo yule wa kwanza alipoinama, akala kwa pupa kama aliyefunguliwa kifungoni.

"Ndiye huyo aliyeshiba?" Siwatu aliuliza. "Shingo iliyo juu haijala, shemeji."

Hakuna aliyecheka. Bi Mpili, mkongwe wa wavunaji, alimpokonya Mkumba upawa.

"Toka hapo! Asiyeinama hali, wewe uliinama lini? Tumbo lenyewe linakukataza!"

Akalijaza bakuli la Siwatu mpaka likafurika, kisha akapanda dungu yeye mwenyewe, na uzee wake. Wanawake wakakisusa chungu mpaka Siwatu alipomaliza kula. Mkumba alibaki ameshika kifuniko.

Siku ya pili yake mtoto alinyonya mpaka akasinzia, maziwa yakimtiririka shavuni. Na tangu hapo, bondeni kwetu, bakuli la kwanza hupelekwa dunguni. Mwenye kuuliza sababu hujibiwa: shingo iliyo juu haijala.