Mitungi ya Hubaira

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, ya kwamba katika mji wa Zabidi, nchi ya Yemeni, aliishi mja mwema akiitwa Hubaira, fundi wa kutia nguo rangi ya nili. Alikuwa mtu wa swala na saumu, mwenye mkono mwepesi wa kutoa sadaka. Ila mkono huohuo ulikuwa mwepesi pia juu ya binti yake Unaisa, ambaye hata miaka mitano hajatimiza. Akiulizwa hujibu, "Samaki mkunje angali mbichi." Mtoto si samaki, lakini nani wa kumwambia?

Kazi yake aliifanyia uani, na mitungi ya dawa za rangi aliipanga chini, midomo wazi. Mafundi wenzake walifunika yao kwa vifuniko vya mbao. Yeye hakuona haja, maana alikwisha kumchapa Unaisa kwa kuisogelea, akaamini fimbo imetosha.

Adhuhuri moja ya joto kali, mkewe, Bi Lubaba, alimkuta mtoto amejikunja nyuma ya mlango, kashika tumbo, na kata ya kuchotea imeanguka kando yake. Kiu ilimzidi. Tabibu akaitwa mbio. Akaikagua mitungi miwili ya maji meupe, akasema, "Huu ni wa shabu, dawa ya kukazia rangi, huu ni wa chokaa. Aliyekunywa shabu hutapishwa upesi. Aliyekunywa chokaa akitapishwa, koo litaungua mara ya pili, na huenda asipone. Niambieni amekunywa upi."

Hubaira akamwinamia binti yake. "Umekunywa upi, mwanangu? Sema kweli, sitakupiga."

"Sijagusa, baba," akasema Unaisa, akafumba mdomo.

Bi Lubaba akamtazama mumewe. "Baba Unaisa, hata siku ile alipochafua kilemba chako ulimwambia hivyohivyo. Aliposema kweli, ukampiga."

Maneno yale yalimchoma Hubaira. Sokoni hakuwahi kumdanganya mteja hata kwa uzi mmoja, na nyumbani amemdanganya mtoto. Aliona haya, na hofu ikamshika kwelikweli. Akaleta istighfari kumwomba Mola msamaha, akaketi chini mchangani mpaka uso wake ukalingana na wa binti yake.

"Siku ile wewe ulisema kweli, mimi nikasema uongo," akamwambia. "Na leo kosa ni langu, niliyeacha mitungi wazi. Mungu ananisikia, na mama yako ananisikia. Sitakupiga leo, wala kesho."

Tabibu akataka kumhimiza mtoto, Hubaira akamwomba kwa ishara asubiri, naye mwenyewe akasubiri. Unaisa akamwangalia mama yake, kisha akanyoosha kidole kwenye mtungi wa chokaa. Basi hakutapishwa. Tabibu alimnywesha maziwa ya mbuzi kidogo kidogo, na kwa idhini ya Mola akapona.

Mitungi ilifunikwa siku hiyohiyo. Moyo wa mtu, lakini, haubadiliki kwa siku moja. Ijumaa moja baadaye, Hubaira akijiandaa kwenda msikitini, Unaisa alimjia amebeba joho jeupe la babaye.

"Baba, limemwagikiwa na nili. Ni mimi."

Mkono wa Hubaira ukanyanyuka wenyewe, kwa mazoea. Mtoto aliuona, asikimbie. Hubaira akaushusha, akamkatia kipande cha kitambaa, wakasugua wote wawili. Doa likagoma kutoka. Akalivaa joho hivyohivyo, yeye fundi wa rangi, akaenda kuketi safu ya mbele.

Watu wakamuuliza, "Hubaira, doa gani hilo?"

Akawajibu kwa furaha, "Binti yangu ameniambia kweli."

Enyi wazazi, mtoto anayetukimbia kwa kosa dogo, kubwa likimfika atamkimbilia nani? Mola atujaalie kuwa wa kukimbiliwa.