Mnunuzi Aliyesema "Sawa"

Asiyebishania bei leo, kesho ataipanga. Mlimsikia shangazi akimwambia hivyo mnunuzi wa ufuta, mkaniuliza maneno hayo kayatoa wapi. Basi yalianzia hapa.

Zamani, bonde la Rukwa, watu walivaa nguo walizofuma wenyewe. Nakamba alilima pamba na kusokota nyuzi. Mumewe, Sinkala, alifuma. Msimu mmoja akaja mnunuzi kutoka pwani na wapagazi wake. Nguo zetu hakuzitazama. Alitaka pamba tu, na kila bei aliyotajiwa alijibu, "Sawa." Watu wakamcheka pembeni: kumbe wajinga wa pwani wako hivi!

Nakamba hakucheka. Gulioni hata chumvi hainunuliwi bila kelele, huyu vipi? Akamjaribu, akataja bei mara mbili ya wenzake.

"Sawa, mama."

"Basi siuzi."

Sinkala akaruka. "We mwanamke! Bahati imetufuata mlangoni, unaifukuza? Mgongo wangu umechoka kufuma!"

"Bahati gani hii isiyobisha?" Akamgeukia mgeni. "Pamba yote hii inakwenda wapi?"

"Ulaya. Wana viwanda huko. Mashine moja inafuma kuwashinda ninyi wote, na haishibi pamba."

"Na nguo zikiwazidi wenyewe, atazivaa nani?"

Mgeni akatabasamu, akainama kufunga mzigo.

Msimu uliofuata nguo za viwandani zikaja, nyeupe, za bei rahisi kuliko hata nyuzi. Wafumaji wakapasua mitambo yao ya kufumia kuwa kuni. Sinkala naye alishika shoka. Nakamba akaukalia mtambo wao mpaka mumewe akaliweka shoka chini. Siku nyingi hawakusemezana vizuri.

Kisha, mitambo ilipokwisha bondeni, mnunuzi akarudi na ulimi mwingine. Pamba akaiita chafu, akaishusha bei. Nguo zake za viwandani akazipandisha.

"Mbona ghali hivyo?" watu wakalia.

"Basi vaeni magome."

Alipofika kwa Nakamba, alimkuta Sinkala kwenye mtambo, anafuma.

"Mama, pamba nachukua, ila punguza."

Sinkala hakuinua macho. "Hee! Leo umejua kubisha? Ya kwetu tunaivaa."

Mgeni akaenda zake. Ndipo Sinkala akasimamisha mkono.

"Ulimjuaje, mke wangu?"

Nakamba aliendelea kusokota. "Asiyebishania bei leo, kesho ataipanga."